Ndege Zinazopima Njia ya Mawimbi

Sisi mafundi wa minara hapa Tanga tunalijua swali hili: kwa nini redio ya mbali imesikika leo na jana haikusikika? Mtambo ni uleule, antena ni ileile. Kilichobadilika ni hewa iliyolala juu ya bahari.

Mawimbi ya redio hayaendi katika mstari mnyoofu. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi na unyevu hupungua; tofauti hiyo huyapinda mawimbi kidogo kuelekea chini, nayo hufika mbele kidogo ya upeo wa macho. Lakini hewa kavu yenye joto ikitanda juu ya hewa yenye unyevu, mpindo unaweza kuzidi hata ule wa dunia. Hapo mawimbi hunaswa, yakasafiri kama maji mferejini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, rada ya Bombay ilipata mwangwi kutoka pwani ya Arabuni, zaidi ya kilomita 1,000 ng'ambo ya bahari.

Ukiwa mnarani huwezi kujua mfereji huo umeanzia wapi na umeishia wapi. Ni lazima kifaa kipite ndani yake. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Marekani walirusha ndege zilizofungwa kopo la chuma lenye matundu. Hewa ikipita ndani, masafa ambayo kopo huyaitikia hubadilika. Badiliko hilo, likilinganishwa kimo kwa kimo, ndilo kipimo cha mpindo.

Kazi ngumu zaidi iko karibu na maji, ambako mvuke wa bahari huunda mfereji ambao mara nyingi haufiki mita 40 kwenda juu. Rubani hathubutu kushuka huko ovyo. Katika mradi wa utafiti wa Marekani uitwao CASPER, pwani ya North Carolina mwaka 2015 na California mwaka 2017, ndege ya Twin Otter ilikokota kwa kebo chombo kidogo chenye vipima joto na unyevu, kikishuka na kupanda karibu na mawimbi ya bahari. Wakati huohuo watafiti wengine walirusha na kupokea mawimbi ya redio, wapate kulinganisha.

Jeshi la majini la Marekani hugharamia tafiti kama hizi kwa sababu nzuri. Nguvu iliyonaswa chini imepungua juu, kwa hiyo rada inayoona meli ya mbali ajabu inaweza kuikosa ndege iliyo karibu, inayoruka juu kidogo tu ya mfereji. Mwendesha rada aliyepewa vipimo vya siku hiyo hujua aiamini skrini yake wapi, na wapi aongeze macho.