Jembe Kuukuu la Nyamasaria

Wahenga walinena, vya kale ni dhahabu. Lakini Nyamasaria, kando ya barabara itokayo Nairobi kuingia Kisumu, cha kale ni chuma tu mbele ya mnunuzi mwenye mizani. Hukipima kwa kilo, kikaenda kuyeyushwa.

Kwa hiyo nilifurahi kumkuta huko mzee mmoja akusanyaye majembe makuukuu. Alinipa moja lililolika hata likabaki kadiri ya kiganja.

"Hili la marehemu mama," akasema. "Tazama, ndugu yangu, limelika upande mmoja. Mama alilimia mkono wa kushoto."

Wajaluo huliita jembe kweri. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, wahunzi wa Samia ndio waliosifika kwa kufua majembe, na yalihesabiwa hata katika mahari. Kisha yakaja ya viwanda vya Uingereza, na mivukuto ya wahunzi ikanyamaza.

Huenda msomaji akauliza: Je, hakuna Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980? Yapo, na vyombo vya kale vimehifadhiwa humo. Lakini nani atawaeleza wageni habari za mkono wa mama yule, ikiwa mwanawe hakusema?

Nasi wa pwani tujiulize: vijembe vya kupalilia vya mabibi zetu viko wapi? Kama kimesalia kimoja nyumbani, ewe msomaji, usikiuze kabla hujauliza kilikuwa cha nani, ukaliandika jina lake.