Mirihi ya Kanada: Maji ndiyo mtaji

Mwenye kutaka kujua maana ya kuishi kwa mtaji usioongezwa atazame kisiwa cha Devon, kaskazini ya mbali ya Kanada. Huko, penye shimo kubwa la Haughton lililochimbwa na kimondo, chama cha Mars Society kilijenga mwaka 2000 nyumba ya ghorofa yenye umbo la pipa, ya kufanyia mazoezi ya safari ya Mirihi.

Mwaka 2007 watu saba walikaa humo miezi minne. Sharti lilikuwa kuishi kama wako Mirihi: duka hakuna, na kutoka nje ni kwa suti na kofia ya anga. Bunduki nayo ilihitajika, kwa ajili ya dubu weupe.

Kilichopimwa kwa makini ni maji. Kupika, kuosha vyombo, kuoga na kufua, vyote vilitumia karibu lita 82 kwa siku, yaani chini ya lita 12 kwa kila mtu.

Hesabu hiyo ina fedha ndani yake. Kila kilo ipelekwayo Mirihi hulipiwa nauli. Watu saba wakizidisha lita moja tu kila mmoja kwa siku 500, bila kusafisha maji yatumike tena, mzigo huongezeka tani tatu na nusu.

Kwa mfanyabiashara mdogo, somo ni lile lile: mtaji hauliwi na hasara kubwa peke yake. Matumizi madogo ya kila siku, yasiyoandikwa daftarini, huumaliza kimya kimya.