Thamani ya treni ya filamu: bei, jina na reli

Kila mwanafunzi wa isimu amewahi kukutana na treni ya Ferdinand de Saussure. Katika Cours de linguistique générale, kitabu kilichotolewa na Charles Bally na Albert Sechehaye mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, Saussure anaitaja treni inayotoka Geneva kwenda Paris saa mbili na dakika ishirini na tano usiku. Ya leo na ya kesho tunaziita treni moja, ingawa injini, mabehewa na wafanyakazi huenda wote ni wengine. Kinachoifanya iwe ileile ni saa yake, njia yake na nafasi yake kati ya treni nyingine. Mbele zaidi katika kitabu hichohicho anaeleza thamani kwa mfano wa sarafu ya franka tano. Sarafu hiyo inaweza kubadilishwa na kitu kisichofanana nayo, kwa mfano mkate, na inaweza kulinganishwa na vitu vinavyofanana nayo, kwa mfano sarafu ya franka moja. Bila pande hizo mbili hatuwezi kusema ina thamani gani.

Makala haya yanayapeleka mawazo hayo kwenye kitu ambacho hakizungumzwi sana kitivoni: seti za bei nafuu za treni ndogo za kuchezea zinazobeba majina ya filamu. Sababu yangu ni ya nyumbani. Yaya yangu anaishi Ohio, Marekani, na anataka kumtumia mtoto wa kaka yetu, mwenye miaka saba, hapa Lubumbashi, treni ya The Polar Express kwa ajili ya Noeli. Alinitumia picha za masanduku mawili, yote ya kampuni ya Lionel, akauliza: "Mdogo wangu, ipi ina thamani?" Ya kwanza, ya betri, inauzwa dola mia moja na kidogo. Ya pili, ya umeme, ni zaidi ya mara tatu ya hiyo. Gharama ya kusafirisha haijahesabiwa. Katika familia yetu dola mia moja hazitoki hivihivi, maana minervali ya mtoto huyohuyo nayo inazingoja. Kwa hiyo swali la yaya lilihitaji jibu lenye hoja.

Jina linauzwa pamoja na kitu

Tuanze na jina. The Polar Express kilikuwa kwanza kitabu cha watoto cha Chris Van Allsburg, cha mwaka 1985. Filamu ya Robert Zemeckis ilitoka mwaka 2004. Injini inayoonekana humo ilichorwa kwa kufuata injini ya kweli, Pere Marquette nambari 1225, iliyojengwa mwaka 1941 mjini Lima, katika jimbo lilelile la Ohio. Treni ya Harry Potter nayo ina historia kama hiyo. Hogwarts Express tuliyoiona tangu filamu ya mwaka 2001 ni injini nambari 5972, Olton Hall, iliyojengwa Swindon, Uingereza, mwaka 1937. Injini za aina yake zilipakwa rangi ya kijani, na nyekundu ililetwa na hadithi. Maana yake ni kwamba hata katika filamu, treni hizi ni vitu vya zamani vilivyopewa majina mapya. Mchezo wa mtoto unalibeba jina hilo kwa mara nyingine.

Kubeba huko si bure. Kampuni inayotengeneza mchezo humlipa mwenye haki za filamu ili itumie jina na picha zake, na malipo hayo huingia katika bei. Tunawezaje kujua jina linagharimu kiasi gani? Fonolojia inatupa njia: jozi ya mlinganuo finyu. Tunapotaka kujua kama /p/ na /b/ ni fonimu mbili, tunaweka pata kando ya bata na kuacha mengine yote yabaki sawa. Hapa pia tufanye vivyo hivyo. Katika seti zake za betri, Lionel inauza pia treni isiyo na filamu, inayoitwa Pennsylvania Flyer. Aina ya reli ni ileile, nayo huendeshwa kwa betri na rimoti vilevile. Ukilinganisha bei zake katika duka moja, siku moja, tofauti utakayoipata ni kwa kiasi kikubwa bei ya jina. Jozi hii si finyu kabisa, kwa kuwa rangi na mabehewa hutofautiana, lakini inatosha kumfungua macho mnunuzi.

Simaanishi kwamba jina halina thamani. Kwa mtoto aliyeiona filamu, jina ni ishara kamili, yenye kiashiria na kiashiriwa. Kwa mtoto ambaye hajaiona, ni kiashiria kitupu, na baba yake analipia sauti isiyo na maana. Mtoto wetu aliiona kwa jirani, kwa Kifaransa, kwa jina la Le Pôle express. Kwake jina lina maana, ingawa sandukuni limeandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Sifuri iliyogeuka herufi

Upande wa pili wa sarafu ya Saussure ni kulinganisha kitu na wenzake. Kwa treni, wenzake ni vyote vinavyoweza kupita juu ya reli zake. Sisi wa Katanga tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 kutoka kusini ina upana wa milimita 1,067, na kwa sababu hiyo behewa la hapa linaweza kuingia Zambia na kuendelea kusini, au kupita Angola hadi Lobito. Lakini Kidatu, nchini Tanzania, reli ya TAZARA yenye upana huohuo inakutana na reli ya milimita 1,000. Hapo mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa hili hadi lile. Behewa ni zima, halina kasoro yoyote. Limefika tu mwisho wa mfumo wake.

Treni za kuchezea zina mipaka kama hiyo, na majina ya vipimo vyake yanamfaa mwanaisimu. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza reli za upana maalumu zilizopewa nambari, kuanzia 1 kwenda juu. Baadaye zilipotakiwa treni ndogo kuliko nambari 1, ikabidi kushuka hadi 0. Zilipotakiwa ndogo zaidi, zikaja 00 na H0, yaani nusu sifuri, kwa Kijerumani. Wasemaji wa Kiingereza, ambao hupenda kuitamka sifuri kama jina la herufi O, wakaanza kuiandika kama herufi. Leo masanduku yanasema O, OO na HO, na wengi wanaonunua hawajui kwamba wanasoma nambari. Kipimo cha O kina upana wa milimita 32 hivi. OO na HO hutumia reli ya upana mmoja, milimita 16.5. G, ya milimita 45, ilikuja mwaka 1968 na treni za kampuni ya Lehmann ya Ujerumani, nayo inahusishwa na neno la Kijerumani lenye maana ya "kubwa".

Sasa turudi kwenye masanduku mawili ya yaya. Seti ya bei kubwa ni ya kipimo cha O. Injini na mabehewa yake yanaweza kuchanganywa na ya seti nyingine za O, hata zilizotengenezwa miaka mingi iliyopita. Seti ya betri ina reli za plastiki zenye umbo lake peke yake, ambazo haziungani na O wala na G. Wauzaji wengine huiita G kwa sababu tu ni kubwa kwa macho. Huo ni mtego uleule unaomkamata mwanafunzi anayedhani kwamba librairie ya Kifaransa ni library ya Kiingereza. Umbo linafanana, mfumo ni mwingine. Seti hiyo ni kama neno lililotungwa na watu wawili kwa matumizi yao: linafanya kazi kati yao, lakini huwezi kulitungia sentensi na mtu wa tatu.

Bei nafuu peke yake haimaanishi kufungiwa nje ya mfumo. Hornby ya Uingereza imetoa Hogwarts Express ya kipimo cha OO, na matofali ya LEGO ya leo bado yanashikana na yale ya mwaka 1958. Mtoto akiichoka filamu, treni ya LEGO hugeuka nyumba au lori. Sehemu chache, miundo mingi: mwanafunzi wa sintaksia hahitaji maelezo zaidi.

Mfumo unahitaji jamii

Kufikia hapa ungesema seti ya O imeshinda. Mjini kwa yaya huenda ni kweli. Lakini thamani ikivuka mpaka hubadilika. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni volti 220. Kifaa cha umeme kilichotengenezwa kwa ajili ya soketi za kule hakichomekwi hapa bila transfoma ya kupunguza nguvu, vinginevyo kinaungua siku ya kwanza. Umeme nao hukatika, mara nyingi jioni, wakati mtoto yuko nyumbani. Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Ohio kuna maduka ya vipuri, kuna mafundi, kuna majirani wenye mabehewa ya O. Katika mtaa wetu seti hiyo ingekuwa kama msemaji mmoja wa lugha ambayo hakuna mwingine anayeisema. Sarufi yake ni kamili, lakini hana wa kuzungumza naye. Mfumo bila jamii hautoi thamani uliyoilipia.

Seti ya betri haitegemei soketi. Udhaifu wake uko kwingine. Inataka betri za aina ya C, ambazo ni nene kuliko zile za rimoti na huisha haraka zikiendesha mota. Na vidole vya plastiki vinavyounganisha reli vinaweza kukatika kwa kukanyagwa. Mduara uliopoteza kipande kimoja si mduara tena.

Kuhusu akiba

Wapo wanaosema mchezo wenye jina la filamu ni akiba, kwamba baada ya miaka utauzwa kwa bei ya juu. Hoja hii ipimwe kwa utulivu. Kitu hupanda bei kikiwa adimu na kikitafutwa. Treni za Polar Express zimeendelea kutengenezwa tangu mwaka 2004, na kila Noeli zinaonekana tena madukani. Uadimu uko wapi? Zaidi ya hayo, wanaokusanya vitu hivi hulipa vizuri pale sanduku linapokuwa halijafunguliwa. Kumpa mtoto treni ambayo haruhusiwi kuigusa ni kama kulihifadhi neno kwenye kamusi na kuwakataza watu kulisema. Anayenunua seti ya bei nafuu ahesabu fedha yake kuwa imeliwa, na ajiulize imeliwa kwa furaha ya muda gani.

Jibu nililolituma

Kabla ya kumjibu yaya nilimwuliza mtoto anataka treni yake ifanye nini. Alisema ibebe mawe. Wanaishi karibu na njia ya reli, na treni anazozijua ni za mizigo. Za waya na makopo wanazotengeneza na wenzake hubeba mawe pia. Mabehewa ya Polar Express ni ya abiria, yamefunikwa juu na yana madirisha. Hayabebi hata kokoto moja.

Nikamwandikia yaya: nunua ya betri, isiyo na jina la filamu, na uhakikishe kwenye picha kwamba angalau behewa moja liko wazi juu. Fedha inayobaki inunue betri za kuchaji, chaja inayokubali volti 220, na pakiti moja ya reli za akiba za aina hiyohiyo. Kikibaki kitu tena, kiende kwenye minervali.

Yaya hakukubali moja kwa moja. Alisema mtoto alilitaja jina, na usiku wa Noeli atalitafuta jina. Ni hoja nzuri, nami sikuipuuza. Nilimjibu kwa treni ya Saussure: kama treni inaweza kubaki ileile huku injini na mabehewa vikibadilika, basi mtoto mwenye karatasi, kalamu na gundi anaweza kuifanya treni yoyote kuwa Pôle express, na kesho yake akaiita jina jingine. Jina anaweza kulitengeneza mwenyewe. Reli hawezi. Yaya alikubali, ila akaongeza kwamba herufi za jina atazikata yeye kwa karatasi ya dhahabu na kuziweka ndani ya sanduku.

Kwa msomaji atakayeulizwa swali kama hili na ndugu aliye ng'ambo, maswali manne yanatosha. Bila jina la filamu, kitu hiki kingeuzwa bei gani? Reli zake zinaungana na nini? Mahali kinapokwenda kuna umeme gani na vipuri gani? Na yule atakayekichezea anataka kifanye nini? Bei utaisoma sandukuni. Majibu ya maswali haya sanduku halina, nawe utayapata kwa kuulizia duka, fundi na mtoto mwenyewe.