Bandu bandu humaliza kipato cha mvuvi Dunga

KINYUME na dhana ya wengi, kuishi kando ya ziwa hakumhakikishii mtu mlo wa bei nafuu.

Katika ufuo wa Dunga, viungani mwa jiji la Kisumu, samaki huwasili kila siku, lakini familia nyingi za wavuvi na wachuuzi hupiga hesabu kabla ya kuteleka chungu.

Sababu ya kwanza ni kwamba samaki hufuata penye pesa. Minofu ya mbuta husindikwa viwandani na kuuzwa ng’ambo. Mifupa na vichwa vinavyosalia, maarufu kama ‘mgongo wazi’, hukaangwa na kuuzwa katika mitaa kama Obunga kwa wasiomudu samaki mzima.

Aidha, boti za injini hutumia petroli. Ushuru wa VAT kwa mafuta ulipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, gharama ya uvuvi haikusazwa.

Hayo mwananchi hana uwezo nayo. Analoweza kulirekebisha ni mtindo wa kununua bidhaa kidogo kidogo.

Mvuvi hulipwa kulingana na alichovua. Pesa huingia kwa siku na kutoka kwa siku, hivyo mafuta, sukari na unga hununuliwa vya kutosha mlo mmoja. Wahenga walinena kuwa bandu bandu huisha gogo.

Tuchukue mfano. Familia inayonunua mafuta ya kupikia ya Sh20 kila siku, kipimo cha mililita 50, itatumia Sh600 kwa siku 30 na kupata lita moja na nusu pekee. Hiyo ni Sh400 kwa lita. Iwapo mtungi wa lita 20 unauzwa Sh6,000, yaani Sh300 kwa lita, familia hiyo ingelipa Sh450 na kuokoa Sh150.

Tatizo ni kwamba mwenye kipato kidogo hana Sh6,000 kwa mkupuo. Hapo ndipo chama hufaa.

Gunia la mahindi la kilo 90 hutoa takriban gorogoro 45. Familia tano zikichanga wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini, kila moja hupata gorogoro tisa na kusaga kadiri ya mahitaji. Muhimu ni michango iandikwe kwenye daftari mbele ya wanachama wote, na pesa za bidhaa zisikopeshwe mtu.

Omena nao wana msimu wao. Kwa kawaida uvuvi wao husitishwa kati ya Aprili na Julai ili wazaane, na bei hupanda. Anayenunua akiba mapema, jua lingali kali, akahakikisha wamekauka vyema na kuwaweka penye hewa kavu, hupata kitoweo cha bei nafuu. Isitoshe, omena huliwa na mifupa yake, ambayo ina madini ya kujenga mifupa ya watoto.

Moto pia hula pesa. Mnamo Septemba 2018 serikali ilianza kutoza mafuta ya taa ada ya Sh18 kwa lita. Kuloweka maharagwe na mahindi usiku kucha, kufunika sufuria na kutumia jiko lenye udongo ndani hupunguza makaa yanayotumika. Chakula kilichochemka kinaweza kumalizia kuiva ndani ya kapu lililotandikwa blanketi kuukuu, bila moto wowote.

Hata hivyo, si kila cha bei ya chini ni nafuu. Mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004. Kuyaosha au kuyapika hakuondoi sumu hiyo. Nafaka ya chama ikaguliwe kabla ya kulipiwa, na gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na unyevu.

Sh150 kwa mwezi ni Sh1,800 kwa mwaka, na hayo ni mafuta pekee. Lakini manufaa makubwa zaidi huonekana siku mashua inaporudi tupu. Nyumba yenye unga na omena haitalazimika siku hiyo kuomba mkopo dukani, wala kuanza kesho ikiwa na deni.