Mpenzi Kaaga, Anakwenda Kusoma Kiairishi

Mwenzio kapata nafasi Galway, Ireland: muhula mzima wa kusoma Kiairishi na utamaduni wake. Usinune! Katiba ya 1937 inaitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza ya nchi hiyo, na tangu 2007 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya, ingawa wengi huko huongea Kiingereza.

Mie kinachonikuna ni hiki: Kiairishi hakina neno moja la “ndiyo” wala “hapana”. Ukiulizwa, unarudia kitenzi. “Unaelewa?” “Naelewa.”

Basi kabla hajapanda ndege, muulize: “Utarudi?” Asiitikie “mmh” tu, aseme, “Nitarudi.” Akikuuliza utamsubiri, nawe jibu kwa kitenzi, tena ukimaanisha. Miezi kama minne si mchezo, jamani!