Mafunjo ya Nyamasaria na Dunga ni ngao ya jiji la Kisumu

Mto Nyamasaria, uitwao Kibos katika sehemu zake za juu, huanzia milima ya Nandi, hupita mashamba ya miwa, kisha hukata barabara kuu ya Kisumu kuelekea Ahero na kuteremka hadi Ghuba ya Winam. Ufuoni mwa ghuba hiyo kuna vinamasi vya mafunjo, maarufu zaidi kikiwa kile cha Dunga, kusini mwa jiji.

Wapo wanaoviona vinamasi hivi kuwa ardhi isiyo na kazi. Kumbe kazi yake ni kubwa. Mvua inyeshapo milimani, maji hushuka kwa kasi yakiwa yamebeba udongo, mbolea na taka. Mafunjo huipunguza kasi hiyo, udongo hutuama, na mizizi hufyonza sehemu ya mbolea ambayo ingestawisha magugu maji ziwani.

Mafunjo pia ni makazi. Ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye wanasayansi humwita Laniarius mufumbiri, huishi penye mafunjo pekee. Ndiyo maana Dunga imeorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege duniani.

Hata hivyo, kuorodheshwa si kulindwa. Hifadhi ya Swala ya Kisumu, iliyo karibu, ilitangazwa rasmi na serikali mwaka wa 1992, na ina ua na askari. Dunga haina ua. Kinga yake ni kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinazotaka ukanda kando ya mto uachwe bila kuharibiwa.

Kulinda si kupiga marufuku matumizi. Wakazi hukata mafunjo kusuka mikeka na vikapu, na shina likatwalo vyema huchipuka tena. Kinachoangamiza kinamasi ni moto, kilimo kinachong'oa mizizi, na kifusi kinachomwagwa ili kujenga.

Mwaka wa 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiwango cha 1964 na kufurika makazi ya ufuoni. Mto nao, ukivunja kingo, huvamia nyumba za Nyamasaria. Kila sehemu ya kinamasi inayofukiwa huwaachia wakazi hao maji ambayo mafunjo yangeyazuia.