Mapambo ya Fedha na Siha ya Mvaaji

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, fedha ni jina la madini na pia ni jina la sarafu. Maana hizo mbili zilikutana katika karakana za masonara, ambao waliyeyusha reale za Maria Theresa wakazifua kuwa mikufu, bangili, vipuli na vikuku. Wapo waaminio kwamba mapambo hayo hukinga maradhi, na wapo wanaoyalaumu kwa kuwadhuru. Je, ukweli ni upi?

Hapana shaka kwamba fedha ina uwezo wa kuua bakteria. Mnamo 1881, tabibu Mjerumani Carl Credé alieleza jinsi matone ya nitrati ya fedha yalivyowakinga watoto wachanga na upofu. Tangu miaka ya 1960, malhamu yenye fedha imetumika kutibu majeraha ya moto. Hata hivyo, dawa hizo hupakwa palepale penye dhara. Pete iliyo kidoleni haiingizi mwilini kiasi cha fedha kiwezacho kuponya ugonjwa.

Kuhusu madhara, yafaa ikumbukwe kwamba fedha tupu ni laini mno, hivyo huchanganywa na madini mengine. Pambo lenye chapa ya 925 lina sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Zilizosalia aghalabu ni shaba. Mapambo ya bei nafuu huweza kuwa na nikeli chini ya utando mwembamba wa fedha. Jasho huitoa nikeli hiyo ikapenya ngozini, na mwenye mzio huwashwa na kutokwa na vipele. Mzio huo ukishaanza, kwa kawaida hudumu maishani. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuidhibiti nikeli mnamo 1994.

Ama kule kusawijika kwa pambo si ishara ya hasadi wala ya ugonjwa wa mvaaji. Ni fedha iliyoungana na salfa. Ngozi yenyewe kugeuka rangi ya kijivu, hali iitwayo ajiria, hutokana zaidi na kumeza au kuvuta fedha kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, mnunuzi na aulizie chapa, akaushe ngozi iliyo chini ya pete, na alivue pambo mara awashwapo. Vipele visipokoma, amwone daktari, wala asiingoje pete imtibu.